Barua ya Kuomba Mama Yangu Aachishwe Kazi ya Theluji

Nyumba Namba 9, Safu ya Mbele,
Mississauga, Ontario.
4 Januari 2008

Kwa Bwana Sadrudin Madatali,
Mkurugenzi, Madatali na Wanawe,
Waondoaji wa Theluji na Barafu.

YAH: KUAJIRIWA KWA MAMA YANGU MZAZI BILA IDHINI YANGU WALA YAKO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Najua barua ya malalamiko haianzi hivi, lakini umenizidi umri, na hasira zangu hazijafika mahali pa kunisahaulisha adabu. Sasa husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Methodius Rwegoshora, mkazi wa zile nyumba za safu zilizo nyuma ya maduka, ambazo kampuni yako imepewa kandarasi ya kuziondolea theluji na kuzimwagia chumvi majira haya ya baridi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, nimeambiwa ulizaliwa Bukoba mjini, na kwamba marehemu baba yako alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, kwa hiyo wewe na mimi ni watu wa mkoa mmoja. Pili, malalamiko haya nilishayapeleka kwa Kiingereza kwa msimamizi wa nyumba zetu, naye akanijibu kwamba amefurahi sana kusikia mama yangu anaendelea vizuri. Kiingereza kimeshindwa.

Kwa kazi yangu mimi ni mkaguzi wa madai ya bima. Mtu akiteleza mbele ya duka au ghorofa akavunjika nyonga, faili lake hupita mezani kwangu. Kwa hiyo barafu naifahamu kuliko watu wengi, ingawa kwa maandishi.

Mama yangu anaitwa Goretti. Ana miaka sitini na minane. Amezaliwa Kamachumu, ameolewa Kamachumu, amezaa na kufiwa na mume palepale, na muda wote huo jembe halijamtoka mkononi. Mwaka jana nikasema basi, inatosha. Nikamwombea viza, nikamtumia tiketi, na mwezi wa Oktoba akashuka uwanja wa ndege wa Pearson akiwa na kopo la senene, wale panzi wetu, waliokaangwa, ambalo watu wa forodha walilitazama kwa muda mrefu kisha wakamrudishia. Nikampeleka nyumbani, nikamkalisha kwenye kochi, nikamwonyesha kitufe cha kuwashia televisheni. Nikamwambia, "Mama, hapa kazi yako ni moja tu. Kupumzika."

Akapumzika Oktoba yote. Novemba alipumzika akiwa ameligeuzia kochi dirishani. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alisugua kuta za jikoni mpaka rangi ikaanza kubabuka. Kila jioni nilipoingia aliniuliza swali lilelile, "Methodi, tarehe ya kurudi ni ipi?" Nami nilimjibu kwamba ni Aprili, apumzike. Nilidhani ni ugeni tu, utamwisha.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo kabla ya kampuni yako kuingilia kati. Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama tunavyofanya kazini.

1. Jumapili ile ya katikati ya Desemba unaikumbuka vizuri, maana nadhani ndiyo iliyokulipia krismasi. Tuliamka magari yamegeuka vichuguu. Misa ya Kiswahili ikaahirishwa. Nikaikusanya familia sebuleni, yaani mke wangu Adelina na binti yetu Abigael, nikatangaza kwamba hakuna mtu kukanyaga nje mpaka kampuni yenye mkataba itimize wajibu wake. Adelina akaangaza macho chumbani kote, akaniuliza, "Na Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa nje. Amevaa koti langu la kazini, mabuti ya Adelina na kitenge kichwani, ameinama kwenye ngazi zetu anazoa theluji kwa kizoleo cha takataka cha jikoni. Nikafungua dirisha.

"Mama! Ingia ndani! Hiyo kazi ina wenyewe!"

"Wako wapi?" akauliza, bila hata kuinua kichwa.

Ndipo ile pikapu yako nyekundu, yenye bamba la chuma mbele na taa ya njano juu, ilipoingia uani. Mheshimiwa, naomba usome hapa polepole, kwa sababu kesi yote imesimama hapa. Dereva wako Rafiq, ambaye sasa nafahamu ni mtoto wa dada yako, alitakiwa kwa mujibu wa usalama kumwondoa mwanamke mzee kwenye eneo la kazi. Badala yake aliteremsha kioo akasema, "Shikamoo, bibi!"

Kijana amezaliwa hapahapa Mississauga. Kiswahili chake ni cha kuokoteza jikoni kwa bibi yake. Hakuna aliyemlazimisha.

Mama akanyoosha mgongo. Tangu afike nchi hii, ukiacha kanisani, hakuna mtu baki aliyekuwa amemwamkia. Kwenye basi watu hutazama viatu vyao. Mjukuu wake mwenyewe humpungia mkono kama anayeaga meli. "Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia, na sauti ile ilifika mpaka safu ya nyuma. "Hujambo? Nyumbani hawajambo? Umekula?"

Hakuwa amekula. Basi mkataba wa ajira ukawa umefungwa.

Yule mwenzake, Ahmed wa Tanga, anayekaa kwenye maghorofa ya Dixon Road, akashuka na beleshi lake. Akamtazama Mama, akakitazama kizoleo. Akarudi nyuma ya gari, akatoa beleshi jingine, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mali ya kampuni, Mheshimiwa! Bila mafunzo, bila saini, bila glavu. Glavu alimpa siku ya pili.

2. Mama hajui mpaka wa kiwanja. Alipomaliza ngazi zetu akahamia za jirani, na za jirani wa jirani, mpaka kwa yule mzee wa Kireno wa nyumba ya kona aliyebadilishwa goti. Yule mzee hajui Kiswahili, Mama hajui Kireno, lakini husimama mlangoni wakazungumza kila mtu kwa lugha yake, kisha mzee anaingia ndani na kutoka na chupa ya kitu ambacho Mama huniambia ni dawa ya kifua.

Heshima yangu imekwenda na maji. Nilipokwenda kuchukua barua kwenye yale masanduku yetu ya pamoja, mama mmoja wa safu ya nyuma aliniuliza kwa upole kama mama yangu anapewa siku ya mapumziko. Nikamweleza kwamba nilimleta apumzike. Akaniangalia tu. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuniangalia. Kanisani nako habari imefika, nayo haijafika hivyo ilivyo: inasemekana Methodius amemtoa mama yake kijijini aje kumsombea theluji. Juzi baba mdogo amenipigia kutoka Kamachumu, simu yenyewe inakwaruza.

"Tumesikia mama yako amepata kazi serikalini huko Kanada. Hongereni sana."

"Baba mdogo, si kazi ya—"

"Sasa hebu amuulizie na mdogo wako Deusi. Deusi ana nguvu."

3. Chumvi.

Hili nalieleza nikiwa nimejizuia. Siku ile ya kwanza Mama alimwona Ahmed amebeba ndoo, anarusha chumvi ardhini kama mtu anayemwagia kuku. Akaacha beleshi.

"Mwanangu, unamwaga nini hicho?"

"Chumvi, mama. Barafu iyeyuke, watu wasianguke."

"Chumvi?"

Akainama, akaokota punje, akaionja. Ahmed anaapa kwamba alijaribu kumzuia. Adelina, ambaye ni muuguzi, alimtazama ulimi jioni nzima. Mama alisema ni chumvi mbaya, lakini ni chumvi, na kwamba watu wanaoimwaga chini wamelaaniwa au hawajawahi kuikosa. Wewe umetoka kwetu, unajua. Wakati wa vita vya Amini na baada yake, kijiko cha chumvi kilikuwa kitu cha kwenda kuombwa kwa jirani kwa kunong'ona. Mama yangu ana watoto aliowalisha maharage ya chukuchuku, mmoja wao ndiye anayekuandikia.

Basi akamnyang'anya Ahmed ndoo. Tangu siku hiyo chumvi ya safu yetu anaiweka yeye, kiganja kwa kiganja, kama anayepanda ulezi. Kila ngazi anaitilia kiasi cha kutosha sufuria moja ya maharage, basi. Inayobaki anaifunika, asiione mtu. Mheshimiwa, mkataba wenu unasemaje kuhusu kutia chumvi kwa kuonja?

4. Amejipa unyapara. Rafiq akisukuma theluji kuipeleka pale wanapoegesha wageni, Mama anasimama mbele ya gari akipunga beleshi na kumwelekeza upande anaoutaka yeye. Na anafuatwa! Nimeona kwa macho yangu pikapu yenye nguvu za farasi sijui wangapi ikirudi nyuma kwa ishara ya bibi wa Kamachumu mwenye kitenge kichwani. Rafiq akifukia ngazi iliyokwisha safishwa anaitwa ashuke, anasemwa, anaomba radhi, anapanda tena.

Halafu kuna suala la chai. Kazi ikiisha wote wanaingia jikoni kwangu na kunywa chai ya tangawizi kwa ndizi za kupika, zile ndizi ninazozifuata mbali na ambazo zilikuwa zangu za kubeba ofisini. Wakati huo pikapu iko mlangoni, taa ya njano inazunguka, na majirani wapya wanadhani ni gari la wagonjwa. Asubuhi moja mtu aligonga kutupa pole. Mama alimkaribisha chai.

5. Binti yangu Abigael. Kwa miaka tisa nimemsemesha mtoto huyu Kiswahili, naye akanijibu Kiingereza. Nimemnunulia vitabu, kaseti na bango la wanyama. Hakuna. Sasa katika likizo moja tu ya shule, kwa kushinda nje na bibi yake na watumishi wako, amekuja na Kiswahili. Nilidhani nitafurahi. Juzi mezani nikamwamuru amalize mboga. Akaniangalia usoni, akasema, "Baba, usinibabaishe."

Ahmed mtupu! Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo. Lakini hiyo si hoja. Hoja ni kwamba mimi nimedharauliwa nyumbani kwangu kwa lugha niliyoigharimia.

6. Sasa nafika kwenye dhara la mwili. Siku ya Mwaka Mpya theluji ilianguka tena, nami nilikuwa nyumbani. Nikaona wakati umefika. Nikavaa suti, nikatoka kibarazani na viatu vyangu vya ofisini, nikasimama mbele ya wote watatu.

"Rafiq, Ahmed, na wewe Mama," nikaanza, "nataka tuwekane sawa. Kisheria, eneo hili—"

Sikufika kwenye sheria. Ngazi ya juu ilikuwa imetiwa chumvi ya sufuria moja. Nilikwenda chini kwa mgongo, ngazi baada ya ngazi, nikasimamishwa na tairi la pikapu. Nilipofungua macho niliona sura tatu zimeniinamia.

"Umeumia wapi?" Mama akauliza.

"Kiuno."

"Kiuno kitapona. Hivyo viatu ulivyovaa ni vya wapi?"

Wakaniinua, Ahmed huku, Mama kule. Rafiq aliniuliza kwa heshima kubwa kama nitaendelea na hotuba.

Nilirudi kazini siku iliyofuata nimekaa upande. Kwa kuwa ni wajibu wangu, nilijifungulia faili. Swali la kwanza katika kila dai ni: nani alikuwa na jukumu la mahali pale? Mkataba unasema ni kampuni yako. Lakini kwa mazoea yaliyoonekana na kukubaliwa na pande zote, kampuni yako imekwisha kumwachia mama yangu jukumu hilo. Mama yangu anakaa kwangu, anakula kwangu, na bima ya nyumba yangu inamhusu. Kwa hiyo mdaiwa ni mimi. Mdai ni mimi pia. Na mkaguzi, kwa kuwa mwenzangu yuko likizo, ni mimi. Nilijihoji kwa haki. Nilijiuliza nilikuwa nimevaa viatu gani, nikajijibu kwa ukweli, na dai langu nikalikataa. Sijawahi kukata tamaa na sheria kama siku ile.

7. Mama haniulizi tena tarehe ya kurudi. Anauliza utabiri wa hali ya hewa. Nikiingia jioni ananitaka nimtafsirie yule bwana wa televisheni anasema nini, na nikimwambia kesho ni kukavu anaguna. Hili nalo nimelihesabu kama lalamiko, ingawa bado sijapata maneno ya kulieleza vizuri.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza. Nimelifikiria jambo hili kwa marefu yake. Kwanza niliwaza nikuombe watu wako waje mapema zaidi, wamalize kabla Mama hajaamka. Haiwezekani, Mama huamka kabla ya ndege, na watu wako wakija mapema hivyo atawahurumia na kuwapikia uji. Kisha nikawaza nikuombe msije kabisa kwenye safu yetu. Hiyo ni mbaya zaidi, maana ataifanya kazi yote peke yake, na ya maduka ataiongeza. Nikawaza tuitandazie safu nzima turubai, theluji isitue. Adelina alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Imebaki njia moja. Mama yangu ni mtu wa zamani, anaheshimu karatasi ya ofisi yenye muhuri. Neno langu mimi mwanawe ni upepo, lakini cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na barua ya serikali ya kijiji anavilaza chini ya godoro. Kwa hiyo naomba rasmi kampuni yako imwandikie barua ya kumwachisha kazi. Najua hamkumwajiri. Hilo ndilo linaloifanya iwe rahisi, kwa sababu hakuna atakayeuliza. Imtaje kwa jina lake kamili. Imshukuru kwa utumishi wake uliotukuka. Iseme kwamba kampuni imepunguza watu, si kwa kosa lake, na kwamba beleshi alirudishe. Itiwe muhuri, mkubwa, wa bluu kama upo. Rafiq asiilete yeye, maana ataamkia na mambo yataanza upya.

Nakutakia wewe na kampuni yako afya njema na baridi ya wastani. Mfikishie salamu mama wa nyumbani kwako, na dada yako mama Rafiq, ambaye Mama anasema amelea vizuri, na wazee wote wa Bukoba mnaosali nao jamatini. Ahmed msalimie pia, na umwambie ndizi zimekwisha.

Ni mimi, jirani yako wa mkoa na mteja wako mwenye kiuno kibovu,

Methodius Rwegoshora

N.B. Leo ni Jumatano, tarehe 9, na barua hii bado iko mfukoni mwa koti. Niliibakiza nikitafuta stempu, na wakati natafuta stempu hali ya hewa ikageuka. Wewe mwenyewe umeona. Watu wanatembea na mashati. Theluji yote ya uani imekwenda kwenye mifereji, ngazi ni kavu, na pikapu yako haijaonekana tangu Jumamosi.

Jumatatu Mama aliamka kama kawaida, akavaa mabuti, akafungua mlango, akasimama. Kisha akaufunga. Nilimwacha kwenye kochi asubuhi, na jioni nikamkuta kwenye kochi. Jana niliporudi kazini sikumkuta hapo. Alikuwa chumbani anakunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye sanduku. Beleshi alikuwa ameshalisafisha, amelisimamisha karibu na mlango ili mwenyewe alichukue.

"Mama, vipi tena? Aprili bado."

"Nitafutie ndege ya karibu," akasema. "Kazi imekwisha."

"Na sisi je?"

Akakunja kitenge kingine kwanza. "Ninyi mnatoka asubuhi, mnarudi giza limeingia. Mkirudi mmechoka. Mnaniuliza kama nimekula. Nimekula. Halafu?"

Nilikaa kitandani pembeni ya sanduku, yeye akaendelea kukunja. Abigael alikuja mlangoni akasimama, akasema, "Bibi, usiende bwana." Mama akamjibu kwamba kila mtu ana kwao. Lakini mikono yake ilisimama kidogo.

Kwa hiyo naomba uyachukulie yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja mpaka namba saba pamoja na mapendekezo, kuwa hayakuandikwa. Barua ya kumwachisha kazi isitumwe. Kama mmekwisha kuipiga chapa kwa kusikia habari zangu kwa watu, ichanwe.

Ombi langu jipya ni hili, na kwa kuwa ni la haraka, barua naileta leo ofisini kwako kwa mkono wangu. Nyuma ya yale maduka mnayoyasafisha kuna kile kilima cha theluji mlichokirundika tangu Desemba. Kimekuwa cheusi, kina matope na matoroli mawili ndani yake, lakini nimepita asubuhi hii nikakikagua na bado ni kirefu kuliko nyumba yangu. Nakuomba Rafiq apakie theluji ya gari moja, kesho alfajiri, aje kuimwaga mbele ya ngazi za namba tisa. Majirani nitawaeleza mimi. Msimamizi wa nyumba akiuliza, mwambie ni madai ya bima, hatauliza tena.

Kama kanuni za mji haziruhusu theluji kurudishwa ilikotoka, basi Rafiq na Ahmed waje hivyohivyo na gari tupu. Waamkie kwa nguvu, yeye atatoka. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini, na kiuno kinaendelea vizuri. Walete na mabuti ya saizi yangu.